Marashi ya Mama Ziwani

Keko, Temeke
12 Agosti 1973

Mdogo wangu Salumu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu hapa Keko. Natumaini baridi ya Iringa haijakusumbua kifua, na kazi ya ofisini inakwenda. Sisi tu wazima, ila macho ya Mama yamezidi kufifia. Sasa anatutambua kwa sauti.

Kwa sababu ya macho hayo aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la Baba kabla hajapofuka kabisa. Jumapili iliyopita tukaenda kwenye jumba la ziwani, nje ya Mbagala. Tangu serikali ilitwae kutoka kwa yule Mgiriki na kuifanya bustani yake kuwa ya wananchi, sikuwa nimekanyaga. Nikueleze kidogo, maana ulihamishwa kabla haijafunguliwa. Jumba ni lile lile la wakati wa Mjerumani, kuta nene, baraza pana linalotazama maji. Watoto wanakimbia pale pale ambapo Baba alikuwa akitufukuza tusikanyage majani. Nilifurahi, Salumu. Nilimsimulia Mama kila nilichokiona, naye akasema Baba angewafokea wote.

Mteremkoni, penye kaburi, nilikuta maua mekundu yamepandwa kwa mistari. Nilidhani wamelipamba. Mama akamwaga marashi, tukasoma Fatiha.

Mlinzi wa pale ni Mnyamwezi, Mzee Kapambala. Aliposikia lafudhi ya Mama akajua tu Wazaramo, akaanza utani. "Wazaramo nyie, hata maua mnayasomea Fatiha? Hapo hamna mtu. Mwenzenu mwenyewe kashaapa." Mama akamjibu kwamba Mnyamwezi kazi yake kubeba mizigo, ya bustani atayajulia wapi. Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Nami nikacheka. Mtani hata akikuzika ungali hai, unacheka, ndivyo tulivyolelewa.

Tulipokuwa tunaondoka alinivuta kando, akaniita Mwalimu. Utani ulikuwa umekwisha, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliniuliza taratibu kama kweli yule mzee alikuwa baba yetu. Alisema kamati ya bustani ilipotaka kusawazisha mteremko iliwatafuta wenye kaburi. Bwana mmoja wa ofisi ya wilaya, naye mjumbe wa kamati, akaapa kwamba yule alikuwa boi tu wa Mgiriki, hakuacha mtoto. Basi tingatinga likasukuma udongo wote, kaburi na vyote, ziwani.

Nikamwuliza jina la bwana huyo. Alitaja lako.

Najua nyakati zilivyokuwa. Mtoto wa boi wa bepari hakutazamwa vizuri, na wewe ulikuwa unapanda. Ungenyamaza ningekuelewa. Lakini kusema hakuacha mtoto, Salumu, ulinifuta hata mimi niliyekulipia shule, na Mama aliyekuzaa.

Mama hajui. Tangu siku ile ana furaha ambayo sijaiona kwake miaka mingi. Ameniagiza akifa azikwe pale pale, ubavuni pa mumewe, kwa kuwa wamemtunza vizuri na maua. Maisha yangu yote kazi yangu imekuwa kuwaeleza watu mambo, na wewe ulikuwa ukinicheka kwa hilo. Hili sitamweleza. Chukua likizo, uje umweleze mwenyewe. Atakutambua kwa sauti.

Mama anakusalimu, anasema bado wewe ndiye kitinda mimba wake. Shemeji yako na watoto nao wanakusalimu. Wape salamu wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi kaka yako,
Marijani, mtoto wa mtunza bustani