Maji ya Moto Siyatubii

Songwa, Shinyanga

Dada yangu Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nauliza hali zenu wote hapo Ushirombo, na kama mama amepunguza kukohoa. Mimi mzima, ila barua yako imenikera na sitakuficha.

Unasema mmesikia naogeshwa na mfumu, mganga wa Kijapani, kwa hiyo niache kazi, nirudi nikatubu. Dada, nisikilize mimi niliyeoga.

Mama Kenji, ninayempikia na kumfulia, ni mke wa yule Mjapani anayechimba visima. Kwao jioni huoga ndani ya pipa la maji ya moto. Mzee amelikalisha juu ya mawe, moto chini, na ndani kuna ubao wa kukanyagia usiungue. Kwanza unajisugua nje kwa sabuni, unajisuuza, ndipo unaingia na kutulia, maji mpaka shingoni. Maji hayo hayo, familia nzima. Siku ya kwanza, mzee alipotoka, mimi nikaona yameshachafuka, nikayamwaga yote kwenye mchicha. Mara Mama Kenji na watoto hao, na taulo zao! Na shida ya maji huku unaijua. Mama Kenji alicheka mpaka akakaa chini.

Kiuno kiliponikataza kuinama, aliniingiza humo, kisha akanilaza mkekani na kuniwekea mikono mgongoni. Hakandi, hapaki mafuta, ametulia tu. Anasema kuna nguvu ya uhai inayopita mikononi. Mimi nasema ni huruma ya Mungu, naye hajanikatalia. Sisemi nimepona. Nasema nalala usingizi, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Basi Mama Deusi wa kwaya akachungulia kwenye ua wa mabua, akaona mvuke na kichwa changu. Jumapili baada ya misa wanakwaya wenzangu wakanizunguka.

"Anastazia, umeiva?"

"Bado. Leteni chumvi."

Mwenyekiti wa kwaya hakucheka. "Chagua, pipa au kwaya. Kama ni pipa, sare turudishie."

Nikaenda mwenyewe kwa Padri. Akauliza, "Alitaja mizimu? Alitaka kuku mweusi? Alikufunga hirizi?"

"Hapana, Padri."

"Na wewe humo ndani ulikuwa unafanya nini?"

"Nasali rozari, Padri. Matendo ya uchungu yote."

Akakuna ndevu, akasema atafikiri. Anafikiri mpaka leo.

Sikumngoja. Jumapili iliyopita nilivaa sare yangu nikasimama mahali pangu. Wenzangu wakajitenga, huku na huku pakabaki wazi. Haya, nikaimba kwa kujinafasi! Kwenye wimbo wa komunyo sauti ya pili ikawapotea, na Mama Deusi akaanza kurudi upande wangu kidogo kidogo, macho kwenye kitabu. Sikumtazama. Nilipandisha sauti tu ili asikie vizuri.

Kwa hiyo sirudi, sitatubu, na sare siitoi.

Nisalimie shemeji, na mjomba Lukasi aliyenisimamia ubatizo, na mama mdogo muuza karanga. Mama yetu mweleze wewe mwenyewe, kabla hajaelezwa na wengine.

Ni mimi mdogo wako,
Anastazia,
mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili.