Kigingi cha Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka uwandani viatu vimejaa tope. Tope! Mvua haijanyesha wiki sita. Kigingi cha kumi na saba cha barabara mpya ya mkoa kimelala upande. Fundi vipimo — tunamwita Rula kwa urefu wake — akakichomoa ili akisimamishe upya. Shimo likajaa maji. Akacheka, eti barabara yenu ina kiu. Mimi sikucheka. Kwenye ramani niliyochora, chemchemi iko mita mia tatu kutoka pale.

Jumanne, 4 Machi
Nimeona. Ee Mungu, nimeona. Ramani ya idara ya maji ni ya mfumo wa zamani wa vipimo, yetu ni ya mfumo mpya, na mahali palepale panaweza kupishana mita mia tatu kati ya mifumo hiyo. Niliilaza ile juu ya hii bila kubadilisha vipimo. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Chemchemi ilihama karatasini tu. Ardhini iko palepale, na barabara inapita juu yake. Mitaa mitatu inakunywa hapo. Ripoti nzima ya mazingira imeegemea ramani hiyo, na saini ni yangu.

Jumatano, 5 Machi
Mume wangu kaniuliza mara tatu nina nini. Nikamwambia. Akasema mficha uchi hazai, kesho kamwambie mkuu wako.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia. Alifunga mlango. Hakufoka — afadhali angefoka! Kwa upole kabisa: dada yangu, kesho wananchi wanaridhia mpango, wafadhili watakuwepo, tutarekebisha baadaye kimyakimya. Nikamuuliza tutarekebishaje. Njia ikisharidhiwa haihamishwi, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo nilipoanza kazi. Akaangalia dirishani. Akasema nisijipalie makaa, nina watoto wanaosoma.
Nimetoka bila kuaga. Naogopa. Nina hasira naye, lakini zaidi najichukia mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi umefurika. Naandika humuhumu, daftari nimelificha ndani ya faili. Mkuu anaonyesha ramani yangu ukutani, watu wanapiga makofi. Barabara wanaitaka, na wana haki. Wagonjwa wao wanafia njiani. Karatasi ya kuridhia imeshafika safu ya nne, wanasaini bila hata kusoma.
Mama mmoja kasimama. Fundi wa pampu ya chemchemi, ovaroli bado ina grisi.
"Jamani, mimi nashinda pale kila siku. Hiyo ramani inasema chemchemi iko ng'ambo ya kilima. Nani kaipima?"
Minong'ono. Mkuu katabasamu. "Mchoraji wetu yupo hapa, atawatoa wasiwasi."
Vichwa vyote vimenigeukia. Rula anaangalia viatu vyake. Mkuu ananitikisia kichwa, kidogo tu, ili nimwone mimi peke yangu. Bado naandika. Nikiweka kalamu chini itanibidi nisimame. Kipaza sauti kinakuja mkono kwa mkono, kimeshafika safu iliyo mbele yangu —