Mama Mkwe wa Redioni

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Voi hatujambo. Babako amepaka duka rangi ya kijani. Mvua haijaja, lakini hayo tuyaache.

Umeniuliza kama kuigiza kwenye kumbi ndogondogo za huko Nairobi na kurekodi michezo ya kusikiliza ni kazi, au unajipotezea ujana. Hata mimi sijui, mama. Nilipokuwa na umri wako niliigiza mchezo wa redio, nikiwa mama mkwe anayemfukuza mke wa mwanawe. Siku moja nikaenda sokoni, nikamsalimu mama mmoja wa Wusi, kule milimani, aliyekuwa akiuza kabichi. Aliposikia sauti yangu akazifunika kabichi zake kwa gunia.

"Wewe sikuuzii! Umemfukuza yule msichana na mimba yake!"

"Mama, ule ni mchezo tu."

"Mchezo? Na mimi nililia?"

Kisha akaninong'oneza, "Atarudi lini?" Nikamwambia sijui, sisi hupewa karatasi siku ya kurekodi. Hakuniamini.

Mchezo ulipoisha hatukuitwa tena, nami nikarudi kwenye cherehani yangu. Kwa hivyo usiniulize njia hiyo inafika wapi, yangu ilikatika. Ninalojua ni kwamba siku ile nilirudi nyumbani bila kabichi, nikicheka peke yangu njia nzima, na mpaka leo sielewi kwa nini.

Ukijua wewe, nambie.

Bibi yako,
Mwanaisha