Mama Mkwe wa Darasa la Kwanza

Kijiji cha Ujamaa Umoja,
Njia ya Kinampanda,
Kiomboi, Iramba.
23 Mei, 1976

Mpendwa kaka Simeoni,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Yunisi na watoto wote huko Korogwe. Je, kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimepungua? Na goti la wifi? Sisi huku hatujambo. Mvua ilikatika mapema lakini uwele umekubali, karanga tumeshang'oa, na mbuzi wako yule mwenye baka jeupe amezaa mapacha. Mama naye ni mzima. Ni habari yake nitakayokuandikia, ingawa mwenyewe amenikataza.

Utaona mwandiko huu si wa mwalimu Ezekieli. Siku zote mume wa mdogo wetu Klara ndiye aliyetuandikia, mimi nikisema na yeye akiandika. Safari hii nimeandika kwa mkono wangu, matunda ya kisomo cha watu wazima, na imenichukua siku tatu. Herufi zikiwa zimelala, nisamehe. Habari yenyewe isingeweza kupita mkononi mwa Ezekieli, maana naye yumo ndani.

Katika barua yako uliuliza habari za mwanangu Rahabu, ukasema kama ni mgonjwa tumpakie kwenye basi aje atazamwe na madaktari wa huko. Asante kaka. Usihangaike tena. Lakini ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mimi mwenyewe mpaka leo nikikumbuka nabaki mdomo wazi.

Rahabu alianza darasa la kwanza Januari. Unajua nilivyoisubiri siku ile. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nikachunge, na sikupenda. Nilimfulia gauni la shule mara mbili kabla hajalivaa hata mara moja. Wiki ya kwanza alikwenda akirukaruka. Wiki ya pili alirudi gauni limelowa, akasema ameanguka mtoni. Nikaamini. Siku ya tatu ya mto huo huo nikanusa gauni, nikajua.

Kaka, mtoto wa miaka saba! Aliacha kulowesha kitanda kabla hajaota meno yote. Nyumbani hana shida kabisa, mchana wala usiku. Shuleni tu, mara mbili au tatu kwa wiki, anakojoa palepale alipokaa kwenye benchi la udongo, mbele ya wenzake. Wakaanza kumwimbia. Wengine wakakataa kukaa naye. Sikuwa na pa kuficha uso.

Nilifanya yote ambayo mama mjinga hufanya. Nilimgombeza. Jirani alinipa mizizi nikachemsha, akanywa akatapika. Nilimpeleka zahanati wampime kichocho, wakasema mtoto mzima kabisa, tena ana damu nzuri. Baada ya hapo ndipo nilipomchapa, nikidhani ni ukaidi. Hilo naliandika hapa kwa aibu, na nimekwisha kumwomba msamaha.

Kisha akaanza kukataa uji wa asubuhi. Anasema ameshiba, kumbe anammiminia mbwa. Maji hanywi. Midomo ikawa inapasuka kama ya mtu aliyesafiri jangwani. Mimi nikasema mtoto anaugua, baba yake, Naftali, akasema ana uchawi wa mtu. Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto alikuwa na mpango wake, wa kufika shuleni akiwa mkavu ndani ili asiwe na haja ya kwenda popote.

Mwezi wa nne mwalimu mkuu akasema mtoto huyu bado mchanga. Kama hali haibadiliki mpaka likizo ya Juni, akae nyumbani akomae, aanze upya mwakani au mwaka wa kufuata. Naftali akakubali upesi, kwamba kwanza atanisaidia kulea. Nilijua maana yake. Mtoto wa kike akishakaa nyumbani akazoea kubeba mdogo wake mgongoni, mwakani hauji. Mimi wangu haukuja.

Sasa sikia, kaka. Unakumbuka tangu tulipompa jina la mama, mtoto yule tumemlea kama mama. Wewe mwenyewe ulipokuja likizo ulimvulia kofia, na katika barua humwita "mama yangu mdogo." Mama humkalisha kwenye kigoda chake. Wajomba wakija huuliza kwanza kama ameruhusu waingie. Yote ni mzaha wetu, mzaha mtamu, na mtoto alikuwa akiupokea kwa uso mkavu kama mtu mzima. Sisi tukicheka, yeye hacheki.

Na Ezekieli naye alikuwa na wake. Akikutana na Rahabu njiani husogea pembeni kwenye majani, anainamisha macho na kusema, "Pita, mama mkwe." Unamjua shemeji yako kwa utani.

Zamani mambo ya ukwe yalikuwa mepesi. Ezekieli alikaa upande wa pili wa mlima, mama alikaa kwake, wakisikiana kwa mbali. Tangu operesheni ya kuhamia vijijini tumepangwa mstari mmoja, na mama ameangukia nyumba ya tatu kutoka kwa mkwewe! Mwenyekiti alipopima viwanja hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Basi mama hupita nyuma ya nyumba, katikati ya minyaa, hata akienda kisimani. Miaka kumi na miwili tangu Klara aolewe hajawahi kula mbele ya Ezekieli, wala kumtazama usoni, wala kuonekana naye akielekea chooni. Hilo la mwisho kwake ni kubwa kuliko yote. Wewe unalijua, umelelewa naye.

Jumapili moja baada ya ibada Ezekieli alikuja kwetu kuzungumza na Naftali juu ya neno la mwalimu mkuu. Mama alikuwa uani anamenya karanga na Rahabu. Kusikia kile kikohozi cha Ezekieli mlangoni, mama akachukua kigoda akajificha nyuma ya kihenge. Rahabu akachukua ungo akamfuata. Hilo tumelizoea, huwa tunacheka. Nikamletea mgeni togwa, akakaa, akanywa, akaongeza. Nilipokwenda nyuma ya kihenge kuchukua kata, nikamkuta Rahabu ameketi amebana miguu, anatetemeka, jasho limemtoka puani. Mama kando yake naye amebana vilevile, ametazama mbele kama askari. Choo chetu kipo upande wa pili wa ua, na kukifikia lazima upite mbele ya mgeni.

Ezekieli alipoaga tu, wote wawili walitoka mbio. Mama alitangulia. Mtoto akasubiri zamu yake mlangoni huku akirukaruka kwa mguu mmoja.

Mimi nikabaki na kata mkononi. Alipotoka nikamuuliza, "Shuleni ukibanwa, huwa unamwomba mwalimu ruhusa?"

Akanitazama kana kwamba nimetamka tusi. "Mama, si ni mkwe wangu? Nitamwambiaje?"

Kaka, mwalimu wa darasa lake ni Ezekieli! Miezi minne! Miezi minne mtoto wangu amevumilia nyimbo za wenzake, na kiu, na mizizi, na fimbo yangu, asivunje heshima ya jina tulilompa sisi wenyewe kwa kucheka. Hata wakati wa mapumziko hakuweza, kwa sababu mwalimu wao husimama palepale uwanjani na choo cha shule kinamtazama. Nilimwangalia ule udogo wake, magoti yana vumbi, nikaogopa. Naogopa mpaka sasa. Tunadhani tunawalea hawa, kumbe hatujui wamebeba nini.

Nikamwambia ule ulikuwa mchezo tu, yeye ni mtoto, aombe ruhusa kama wenzake. Machozi yakamjaa. Akauliza, "Basi mimi si bibi?" Nikamfuta machozi. Ezekieli tulipomweleza alishika kichwa, akamwita, akambembeleza, akamwambia kwamba shuleni yeye ni mwalimu tu. Rahabu akamsikiliza ameinama, amejifunika uso kwa upande wa khanga yangu, na kesho yake akalowa tena. Mwalimu mwingine wa darasa la kwanza hatuna. Naftali akasema basi mtoto abadilishwe jina, aitwe jina jingine shuleni na nyumbani. Mama alikuwa nyuma ya ukuta akasikia.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, Alhamisi, sisi wanawake tulikuwa shuleni tunakandika udongo ukuta wa darasa jipya, kazi ya kujitegemea. Mimi nilikuwa upande wa dirisha la darasa la kwanza. Nikamwona mama anakuja. Hakupita nyuma kwenye minyaa. Alikuja katikati ya barabara, amevaa gauni lake la meza ya Bwana na viatu ulivyomletea, vile ambavyo hajawahi kuvivaa vinginevyo ila kanisani.

Akaingia darasani. Watoto wakasimama wote, "Shikamoo bibi!" Ezekieli alimwona, akageukia ubao upesi kama aliyechomwa. Mama akaenda kuketi kwenye benchi la udongo karibu na Rahabu, magoti yakimfika kidevuni. Ezekieli akaendelea kufundisha hesabu akiwa amewapa mgongo. Aliandika hesabu, akaandika tena, ubao ukajaa, akafuta kwa mkono wa shati akaanza upya. Hakuna mtoto aliyecheka. Wanawake wote tuliacha udongo.

Kisha mama akanyoosha mkono juu, wima, kama watoto wanavyofanya. Akangoja. Ezekieli hakugeuka. Watoto wakaanza kusema, "Mwalimu, bibi ananyoosha." Ikabidi ageuke.

Mama akasimama. Akamtazama usoni, kaka, usoni kabisa, nami nikamwona mkono mmoja unashika gauni kwa nguvu. Akasema kwa sauti ambayo hata sisi wa nje tulisikia: "Mwalimu, naomba ruhusa. Nabanwa, nataka kwenda chooni."

Nilidhani ardhi itafunguka. Ezekieli chaki ilimvunjikia mkononi. Alimtazama mama. Mwisho akasema, "Nenda, mama. Ruhusa unayo."

Mama akatoka. Uwanja ule ni mpana na hauna hata mti mmoja. Alipita katikati, juani, bila kujitanda, bila kuharakisha, watu wote tukimtazama, na mkwewe amesimama mlangoni. Akaingia chooni. Akatoka. Akanawa mikono kwenye debe, akajifuta, akarudi njia ileile, akaketi.

Rahabu alikuwa akimtazama bibi yake muda wote huo bila kupepesa. Akanyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini nilimsikia: "Mwalimu, na mimi."

"Nenda, Rahabu."

Akatoka, kaka. Naye akapita katikati ya uwanja. Nilitazamia akimbie, jinsi alivyokuwa amebanwa. Hakukimbia. Alitembea polepole, kichwa juu, mikono imeshika gauni, hatua kwa hatua, mwendo wa mama yetu mtupu. Nilijifuta macho kwa mikono ya udongo, na kwa jinsi nilivyoonekana wanawake walinicheka mpaka jioni.

Leo wiki ya tatu, gauni halijalowa. Uji anakunywa vikombe viwili. Mwalimu mkuu ameshasema hakuna haja ya kumtoa. Watoto wameacha ule wimbo, na nasikia siku hizi wakiomba ruhusa wanasema "nabanwa" kama bibi.

Mama siku ile alifika nyumbani akavua viatu, akaingia kwake, akalala na mchana wote hakula. Nilimpelekea ugali na mlenda jioni nikamkuta amekaa gizani. Nilitaka kumshukuru. Yeye akaniambia, "Usimwandikie Simeoni." Asubuhi tulikuta kondoo jike amefungwa mlangoni pake, kondoo wa heshima ya mkwe, kutoka kwa Ezekieli, ambaye hakupiga hata hodi. Mama alimfungua akampeleka zizini, na hakuna aliyelizungumza tena.

Nimekuandikia kwa sababu mtu mwingine wa kumwambia sina. Wewe ndiye uliyemjua mama kama nimjuavyo mimi, tukimwogopa, tukinyamaza anapokohoa. Tulidhani kwake hakuna kitu kikubwa kuliko heshima yake. Tulikosea, kaka. Ukija usimwambie kwamba unajua. Mtazame tu.

Wifi Yunisi mwambie khanga alizotuma zimefika na Klara ameshaniibia moja. Nisalimie wanao wote, hasa Melkizedeki, na baba mdogo Lazaro ukikutana naye. Naftali anakusalimu, Ezekieli na Klara wanakusalimu, na mbuzi wako na mapacha wake. Mungu aliyekuvusha salama kutoka huku akulinde katika kazi zako na akurudishe ungali na nguvu za kupanda mlima wetu.

Rahabu amekaa hapa kando ananitazama naandika. Nimemuuliza nikuambie nini. Amefikiri kidogo, akasema nikuambie kwamba mama yako mdogo hajambo, na kwamba bibi mkubwa alikuwa anaogopa pia, yeye aliona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Dorika