Yowe Halina Shikamoo

Mikumi, 6 Januari 2025

Shangazi Siwema,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Mimi mzima, ila tembo wamemaliza migomba ya mwenye nyumba wangu.

Ile programu ya kuonya mafuriko tumeianza. Mashauri, mfugaji wa huko juu ya mto, akiona maji yanapanda atabonyeza kitufe, na simu zenu zote hapo Chanzuru zitaita na kusema. Bosi alitaka tuandike mipango mwaka mzima kwanza. Nikamwambia hapana, tutengeneze upesi kitu kidogo, watu wakitumie, wakilalamikie, turekebishe, tuwape tena. Mlalamikaji wa kwanza nimekuchagua wewe.

Na nakuomba tena, mto ukipanda, toka. Mwaka jana ulisubiri hadi maji yakagusa kitanda. Sisi huku hatukulala.

Mwanao,
Mwamvua

Chanzuru, 15 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanauma, mdomo mzima, ndiyo maana umenichagua. Kwa hiyo unatupakulia ugali mbichi halafu unatuuliza kama umeiva? Haya, tumeuonja. Simu imeita, kasichana kakasema, "Tahadhari, kina cha maji kimeongezeka." Jirani yangu Mzee Abubakari akakata papo hapo. "Katoto ka nani haka, hakana hata salamu?" Na wengine wakakata.

Kuhusu kutoka, nyumba hii marehemu mume wangu aliijenga kwa mikono yake. Siiachi.

Shangazi yako

Mikumi, 17 Januari

Shikamoo shangazi. Nimecheka mpaka bosi kauliza kulikoni. Tumeshairekebisha, sasa sauti inaamkia kwanza. Ijaribuni tena.

Mwanao

Chanzuru, 24 Januari

Marahaba mwanangu. Sasa ndiyo mmeharibu kabisa. Simu ikasema shikamoo, Mzee Abubakari akaitikia, akauliza wewe wa nani, wazazi hawajambo, mahindi huko yameota? Na kasichana kanaendelea tu kusema peke yake. Mpaka wamalize kujuliana hali, maji yangekuwa yameshafika kiunoni.

Nimewaza nikiwa jikoni: mpiga yowe anamwamkia nani? Yowe halina shikamoo. Mtu akilisikia anaacha tonge anatoka. Simu yako ipige yowe.

Shangazi yako

Mikumi, 27 Januari

Shikamoo shangazi. Hapo umetufumbua macho. Basi yowe na liwe lako. Jirekodi kwa sauti ile uliyokuwa ukitufukuzia kwenye chungu cha maandazi, kisha useme: maji, kimbilieni kilima cha shule, msibebe kitu.

Bado hujaniahidi kama na wewe utatoka.

Mwanao

Mikumi, 9 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Yowe lako lilifika na tuliliweka, lakini barua hukuandika, na ahadi hukuitoa. Mashauri alibonyeza kitufe jana asubuhi. Tangu hapo simu yako haipatikani na barabara imekatika. Namwachia barua hii dereva yeyote atakayepita kwanza. Nina hofu, shangazi. Nijibu hata neno moja.

Mwamvua

Chanzuru, kilima cha shule, 14 Aprili

Mwanangu Mwamvua,

Marahaba, marahaba sana. Mimi mzima. Nyumba imekwenda, na chungu cha maandazi kimekwenda.

Siku ile nilikuwa nimeshaamua kukaa, usinigombeze. Napepeta mchele wangu, simu ikaita. Nikapokea, mwanamke akapiga yowe, loo, yowe la mtu anayekufa! Hata hilo la kilima sikulisubiri. Nikatupa simu, nikatupa ungo, nikatoka mbio kwenda kumsaidia, kwa magoti haya haya. Nafika kwa Mzee Abubakari naye anatoka. Namwuliza, "Jamani, nani huyo analia?" Akanitazama. "Si wewe mwenyewe, bi Siwema?"

Nikageuka. Maji yalikuwa yanaingia mlangoni kwangu. Nikalia, mwanangu, halafu tukapanda kilimani wote.

Sasa rekebisha hili. Pale paliposema msibebe kitu, ongeza: vaeni viatu. Nimepanda peku. Ukija niletee kandambili na kanga moja.

Shangazi yako