Ripoti Kuhusu Kiwanda cha Baba

Nsuoano, 4 Februari 2019

Binti yangu Frema,

Pokea salamu za nyumbani. Hatujambo, ila goti langu lina siasa zake. Mama yako anakuletea chupa ya shito, ile pilipili yake ya kukaanga. Usiwaachie wenzako wa ofisini wakaimaliza.

Nimesikia kwa watu habari ambayo ungeniambia mwenyewe. Kampuni inayotaka kununua kiwanda chetu cha vitambaa imeipa ofisi yenu kazi ya kuchunguza kama biashara italipa, na mwandishi wa ripoti ni wewe. Mimi niliyetia rangi humo mpaka lango lilipofungwa. Nimewaambia wenzangu wote. Mzee Twum wa ufumaji ameshatoa ovaroli lake sandukuni. Tumboni halifungi, lakini analivaa hivyohivyo.

Kitambaa cha msiba wa bibi yako tulichoagiza ng'ambo ili ukoo wote tuvae sare mazikoni kimefika wiki iliyopita, na bibi amezikwa tangu Novemba. Kina jina lake kote. Mama yako ameshonea mapazia. Kiwanda kingekuwepo tungeaibika hivyo? Andika vizuri.

Baba yako,
Yaw Barimah

Accra, 20 Februari 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na shito imefichwa.

Nilimwambia bosi kwamba baba yangu alifanya kazi humo, nikidhani atampa mwingine kazi hiyo. Akanijibu, "Basi kila sentensi iandike kama vile baba yako ndiye anayeweka pesa zake." Tangu siku hiyo nashinda soko la Makola na wauza vitambaa, jioni nachambua majibu yao.

Baba, jibu la ripoti hukaa ukurasa wa kwanza, kwa sababu wenye pesa wengi hawafiki wa pili. Nami ukurasa huo huuandika mwisho. Sijui bado utasema nini. Tafadhali mwambie Mzee Twum arudishe ovaroli.

Binti yako,
Frema

Accra, 2 Aprili 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama je?

Ripoti imepokelewa na nimeruhusiwa kukwambia jibu. Nimeandika hapana. Michoro yenu inaigwa nje na kuuzwa Makola kwa bei isiyowatosha nyinyi hata kununua pamba. Kukifungua kiwanda chote kama zamani ni kukifunga mara ya pili, na safari hii mngekuwa wazee zaidi. Niliandika huku nalia.

Chini ya hapana nimeweka "lakini", na hiyo imetoka kwenye barua yako. Wakiikubali watakuja wenyewe. Siwezi kuahidi.

Binti yako,
Frema

Accra, 30 Mei 2019

Baba,

Shikamoo. Najua simu zangu huzipokei, kwa hiyo naandika tena. Mama anasema goti limepona, na kwamba nikitajwa unatoka nje.

Inaniuma sana. Lakini nikirudishiwa ripoti ile leo, sitabadilisha neno.

Bado ni binti yako,
Frema

Nsuoano, 12 Septemba 2019

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, natumaini nawe hujambo.

Nilikukasirikia, sikufichi. Twum aliacha kunisalimu, na sokoni watu waliniuliza kama nilikusomesha ili uje kunizika.

Mwezi wa saba wale wanunuzi walikuja. Wakatukusanya uani kiwandani, mkubwa wao akasoma ukurasa wako wa kwanza kwa sauti. Hapana yako ilipotoka nilitaka kuondoka. Akaendelea: lakini fungueni chumba cha rangi na cha kuchapa tu, mchape vitambaa vya misiba, kwa sababu familia inakitaka kabla ya Jumamosi ya maziko na meli haijui Jumamosi. Akasoma kwamba familia moja ilipata kitambaa chake kimechelewa ikashonea mapazia. Uani kote watu wakageuka kutazama dirisha la nyumba yetu, ng'ambo ya barabara. Mama yako ameyashusha mapazia yale.

Hawakutuchukua wote. Ufumaji haumo, kwa hiyo Twum analinda lango, na ovaroli sasa lina kazi. Mimi nafundisha vijana kutia rangi. Wana haraka mno, nawafokea kutwa, nami nina furaha ambayo sikuitegemea tena.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa cha kujaribia mashine, cha buluu chenye mistari iliyopinda. Tulipeleka sokoni kidogo, na unawajua wanawake wetu, hawauzi kitambaa kisicho na jina. Jioni tayari walishakipa lao. Wanakiita Frema Alisema Hapana. Kimeisha, wanataka kingine.

Nimekukatia kipande. Kishone ukivae ofisini, na bosi wako akiuliza kinaitwaje, mwambie. Rangi nilitia mwenyewe.

Ni mimi,
Baba Frema