Mswaki wa Tura

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Treni ya mizigo imechelewa tena. Nimerudi kutoka zamu ya usiku stesheni jua limeshapanda, miguu imekufa ganzi. Mke wangu Mwanaidi alikuwa kisimani, anamwagilia mti wake wa mswaki. Maji ya kisima hiki ni ya chumvi, ardhi yote hapo imefanya ukoko mweupe. Mchicha ulikufa. Mipapai ikafa. Mswaki tu ndio uliokubali, kwa mbegu alizokuja nazo kutoka kwao Pangani. Sasa umenipita kimo na umezaa.

Alhamisi, 6 Agosti
Ndege. Shore, chiriku, na wengine siwajui majina, wanagombania matunda. Jana hata digidigi alikuja kula majani. Mke wangu huamka mapema kuwatazama. Mimi hanitazami hivyo. Nakionea wivu kichaka.

Jumapili, 9 Agosti
Kasema tena amechoka na Tura. Hana ndugu hapa, Kinyamwezi hakimpandi. "Mswaki huu ukifa, narudi kwetu." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Alhamisi, 13 Agosti
Tumetoka mazikoni, tumekuta shina tu.

Jumamosi, 15 Agosti
Ni Mihambo, jirani yetu. Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wa watu wa pwani tangu enzi za misafara. Kaukata kwa panga lake, kafunga miswaki mafungu mafungu, jana kapanda treni kwenda Tabora kuwagawia wazee msikitini. Yeye Mkristo! Kawaambia ni mavuno ya shamba la watumwa wake wa pwani. Karudi anacheka mpaka machozi. Nikacheka nami. Ningefanyaje? Mtani hanuniwi. Ndani nilitaka kumpiga.

Mwanaidi hakucheka. Ameanza kufunga mizigo.

Jumatatu, 17 Agosti
Amemaliza kufunga masanduku. Ndege walikuja asubuhi, wakazunguka juu ya shina, wakaenda zao. Treni ya pwani ni keshokutwa. Nimemwombea nafasi kwa bwana stesheni. Sikumsihi abaki. Nguvu za kusihi sina.

Jumanne, 18 Agosti
Makubwa. Mwanaidi kavaa khanga mpya, kaenda kwa Mihambo mchana kweupe, kafungua zizi, kamtoa mbuzi jike mnono kuliko wote. Kamvuta kwa kamba kupita mbele ya stesheni nzima. "Mtumwa wangu Mihambo, hii faini ya mti wangu!" Watu wakajaa. Mke wa Mihambo akapiga kelele za uchungu, ila mumewe alikaa chini, mikono kichwani, anacheka. Hana la kudai. Utani ndio huo, ukila cha mwenzio na chako kitaliwa.

Mke wangu naye alicheka. Nilikuwa nimeisahau sauti ile.

Masanduku bado yamefungwa. Sijui.

Jumatano, 19 Agosti
Treni ya pwani imekuja, imejaza maji, imeondoka. Abiria walikuwa wengi, sikumwona, wala sikuthubutu kuuliza. Nikarudi nyumbani polepole, sitaki kufika.

Alikuwa uani, anamkatia mbuzi majani. Kasema mbuzi ana mimba, karibu atazaa, na mwanamume kama mimi haachiwi mbuzi mwenye mimba. Nikasema kweli. Nikaingia ndani kulala.